Ukurasa wa Angola

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanisifu bure huko mbele. Wazee husema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kilio kilienda kweli kwa shujaa, kwa mama yake kule Kalehe. Kicheko mpaka leo bado nakisubiri.

Miaka ile nilikuwa nauza tiketi za bato, boti za Ziwa Kivu, bandarini Bukavu, za kwenda Kalehe, Minova na Goma. Gishe yangu, kibanda cha kuuzia tiketi, ilikuwa na kidirisha cha ukubwa wa sahani, kwa hiyo nilizoea watu kwa mikono yao kuliko kwa sura. Mkono wenye shati la kijeshi ukiingia, niliogopa. Wanajeshi wengi walikuwa hawalipi, na ukiwadai wanakuuliza wewe ni nani wa kuwadai. Nilikuwa nawapa tiketi haraka na kushukuru wakiondoka.

Siku moja mama mmoja wa Minova alilipa kwa noti ya zamani ya Ruanda-Urundi, yenye picha ya kiboko. Pesa iliyokufa, haikununua hata kiberiti. Badala ya kumrudishia nilimlipia tiketi mwenyewe, nikaificha ile noti chini ya daftari. Nilikuwa na ugonjwa huo tangu shule ya masista: karatasi nzuri ya pesa ikipita mkononi mwangu, siwezi kuiachia iende. Nilipoinua macho, mwanajeshi wa zamu alikuwa amesimama kando ya kidirisha ananitazama.

"Sitoyeni, ile noti umeficha iko ya nini?"

Enzi hizo sote tulikuwa masitoyeni, yaani raia, ubwana na ubibi ulikuwa umekatazwa. Nikamwambia hakuna noti. Sauti ilinitoka nyembamba mpaka nikaionea haya. Alicheka akaenda zake, na mimi nikashinda siku nzima nikihesabu nani atanipelekea chakula gerezani.

Kesho yake mkono wake uliingia dirishani. Nikasema basi, leo ndiyo leo. Kiganjani palikuwa na noti ya wakati wa Wabelgiji, ile ya chui, imekunjwa mara nne.

"Hata mimi niko na ule ugonjwa," akasema. "Ila kambini noti haikai. Unitunzie."

Nikamgombeza kwa kuikunja. Nilimgombeza mwanajeshi mwenye bunduki begani, mimi niliyekuwa nakimbia hata mbwa wa jirani. Mpaka leo sielewi ujasiri ule ulitoka wapi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila Jumapili baada ya misa alikuja Nyalukemba, nilikokuwa nakaa kwa dada yangu, tukaketi barazani na daftari moja la shule. Tulikata pembe za bahasha kuukuu, tukazibandika kwenye kurasa kwa gundi ya unga wa muhogo, halafu tukachomeka noti katika pembe hizo ili gundi isiguse karatasi. Faranga za Rwanda nilizipata kwa wanaovuka daraja la Ruzizi. Yeye alileta za Burundi na za Uganda, sikumuuliza vipi. Noti za Zaïre, za kwetu wenyewe, hatukuzitaka sana. Zote zilikuwa na uso uleule mmoja wa Rais, na yeye alikuwa akisema kwa sauti ya chini kwamba huyu tunaye wa kutosha. Mimi nilikuwa naangalia kwanza barabarani ndipo nacheka.

Watu walisema yao. Mwanajeshi na msichana wa tiketi, wanasoma daftari! Dada yangu akaniuliza mahari italetwa lini. Nilimjibu kwa hasira kwamba sisi tunapenda karatasi tu. Niliamini hivyo, au niliogopa kuamini vingine, sijui tena.

Tulikuwa na desturi moja. Nchi ambayo hatukuwa na noti yake tuliiachia ukurasa mtupu, jina juu kwa penseli, na mmoja wetu akawa ameuchukua ukurasa huo, maana yake ni deni lake kuujaza. Mwaka ule tulisikia Angola wameondoa pesa ya Wareno na kutoa yao mpya. Bukavu nzima hakuna aliyekuwa ameiona. Nikaandika "Angola" juu ya ukurasa. Yeye akaweka kidole hapo, akasema, "Huu wangu."

Halafu vita ya Shaba, mkoa wa kusini, ikaanza, adui akitokea Angola, na kikosi chake kikaitwa.

Siku waliyoondoka nilikwenda kumuaga kwenye lori. Kulikuwa na wake na mama wengi pale, wakilia, wakisema Mungu akulinde, Bikira akufunike. Na mimi niliogopa. Niliogopa kulia mbele za watu, niliogopa dada yangu asije akawa anasema kweli. Kwa hiyo nikafanya mzaha. Nikamwambia, "Usirudi mikono mitupu. Ukurasa uko unakungoja."

Akapiga saluti. Lori likaondoka.

Miezi ilipita. Asubuhi moja mkono wenye shati la kijeshi uliingia dirishani, na wa pili ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa. Alikuwa kapolari, kijana mwembamba wa kikosi cha rafiki yangu. Aliniuliza kama mimi ndiye sitoyeni wa noti. Nikajua kabla hajamaliza.

Alisimulia akiwa amesimama, na watu wa tiketi wakasubiri nyuma yake. Walikuwa wameshashinda mahali pale. Kulikuwa kumetulia, wengine wamekaa wanakula. Rafiki yangu akainuka peke yake akamwendea adui mmoja aliyekufa, amelala katika mfereji wa barabara, akainama, akaanza kufungua mfuko wa shati lake. Mwingine, ambaye hakuwa amekufa, akampiga risasi kutoka nyuma ya kichuguu. Walimzika hukohuko.

"Alikuwa anatafuta kitu," kapolari akasema. "Tulimuita, hakusikia. Sijui alikuwa anatafuta nini, dada."

Mimi nilijua.

Kapolari akatoa bahasha iliyobandikwa kwa ugali. Rafiki yangu alikuwa amempa siku mbili kabla, ya mama yake aliye Kalehe. Kwa kuwa mimi ni mtu wa bato, je, ningeweza kuifikisha? Niliipokea. Ningekataa kwa sababu gani?

Jumamosi nilipanda bato nikiwa na bahasha ile ndani ya nguo, juu ya tumbo. Aliandika nini mle? Kama ameandika habari ya Angola, mama yake atajua nani alimtuma mwanawe kwenye mifuko ya wafu. Na ikianguka mikononi mwa watu wa usalama, wataona mwanajeshi wa Zaïre anatafuta pesa ya adui kwa ajili ya msichana wa bandari, na watu hao huwezi kuwaeleza mambo ya daftari. Nilijipa sababu hiyo ya pili kwa sababu ilikuwa ya heshima zaidi. Ukweli, macho ya mama yule ndiyo yaliyonitetemesha. Mara mbili niliitoa bahasha nikainyoosha juu ya maji. Niliogopa kuifikisha na niliogopa kuitupa. Mwoga anaogopa pande zote.

Kalehe niliuliza njia, nikaonyeshwa nyumba ya mabati mawili kando ya migomba. Habari ya kifo ilikuwa imetangulia. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, mwembamba, kichwa kimenyolewa. Nilipojitaja kuwa natoka Bukavu, kwenye tiketi, aliinuka akanishika uso kwa mikono miwili.

"Mukamwana wangu," akasema. Mke wa mwanangu. "Aliniambia juu yako. Karibu kwako."

Sikumrekebisha. Akaniketisha kando yake kwenye mkeka, mahali pa mjane, na wanawake wa kilio wakaja mmoja mmoja kunipa pole. Kila pole niliipokea nikiwa nimeinamisha macho, wakadhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni pia.

Nikamkabidhi bahasha. Aliibusu, akaigeuza, akanirudishia.

"Mimi sijui kusoma. Katekista anatusomea, lakini leo ameenda Minova. Unisomee wewe, mutoto wangu. Weye mwenyewe ndiye mwenye haki."

Niliifungua. Maandishi ya rafiki yangu niliyajua, yale yale ya penseli juu ya kurasa zetu. Aliandika:

"Mama, niko muzima. Chakula iko kidogo lakini tunakula. Yule dada wa tiketi aliniomba pesa ya karatasi ya Angola, basi kila tukipita penye wamekufa naangalia mifuko yao. Wenzangu wananicheka. Nikiipata tutakuja wote wawili Kalehe, nayo mukononi, na utamuona, na utaongea na watu wa kwao. Usimwambie, yeye anafikiri ni mambo ya karatasi tu."

Nilisoma kwa macho mpaka mwisho. Mama alikuwa amefumba macho yake anangoja.

Nikasoma kwa sauti: "Mama, niko muzima. Chakula iko kidogo lakini tunakula." Halafu nikanyamaza, na mama akasema, "Ehe?" Hapo ndipo nilipotunga. Nikasema, "Nikirudi, mama, nitakuletea kikwembe kipya, cha rangi ya buluu. Usali sana. Unisalimie wote."

"Kikwembe," akasema mama. Akalia, akacheka kidogo ndani ya kulia kwake. "Hajawahi kuninunulia nguo yule." Akanyoosha mkono. Nikamrudishia barua, ningefanyaje? Akaikunja akaitia ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Barua ilikuwa Kalehe, ndani ya sanduku, na kila mtu aliyesoma darasa la tatu angeweza kuisoma. Nikiwa gisheni, mtu wa Kalehe akinisogelea namtazama kwanza usoni kama ameshajua. Nilifikiri kuiiba. Nilifikiri kukiri. Kila mwaka, mwezi uleule, nilinunua kikwembe cha buluu sokoni Nyawera, sabuni na sukari, nikapanda bato na maneno ya kukiri nimeyapanga vizuri. Mama ananipokea njiani, amevaa kikwembe cha mwaka uliopita, amemchinja kuku. Ananiuliza mbona nimekonda. Tunakula. Naangalia sanduku. Nashuka tena bandarini na maneno yangu tumboni, na mwaka unaanza upya.

Niliolewa, nikazaa, sikuacha kwenda. Mume wangu alisema hajaona mtu anayempenda mama wa mwenzake hivyo. Nilimwacha aseme.

Miaka kumi na miwili. Kisha nikaletewa habari gisheni kwamba mama wa Kalehe amefariki. Nitasema jambo la aibu: kabla ya kulia, nilijiuliza nani atafungua sanduku.

Nilifika wakati wanarudi kutoka makaburini. Katekista, muzee sasa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniita nyuma ya nyumba, chini ya migomba. Akatoa barua mfukoni. Nikakaa chini, palepale kwenye majani.

"Alisema nikupe mwenyewe, mukononi," akasema.

Nikamuuliza, "Papa, umeisoma?"

"Nimeisoma mara nyingi. Kila akiikumbuka sauti ya mutoto wake ananiita."

"Tangu lini?"

"Tangu juma lile ulipoileta. Nilirudi toka Minova siku ya pili yake, akaniambia nimusomee tena ile habari ya kikwembe." Alivua miwani akaifuta kwenye shati. "Kikwembe hakikuwemo. Nikamusomea ilivyo."

Nilimkumbuka mama njiani kila mwaka na nguo zangu za buluu mwilini, na yule kuku.

"Mimi nilikasirika," katekista akasema. "Nikamwambia, mama, huyu musichana amekudanganya mbele ya kilio, niende Bukavu nimwambie tunajua. Akanikataza. Akasema, mwache aogope. Siku akiacha kuogopa hatakuja tena, na mimi nitabaki na nani?"

Daftari ninalo hadi leo, ndani ya bati la sukari. Pesa ya Angola nimekwisha kuiona, Goma, kwa wauza vitu vya zamani. Niliishika, nikairudisha mezani.

Sasa siogopi. Barua iko kwenye ukurasa wa Angola, nimeichomeka katika zile pembe nne, na hakuna tena wa kuisoma akanijua. Mama alizikwa hatua chache tu kutoka bandari ya Kalehe, na tiketi mimi silipi. Tangu maziko yale sijapanda tena bato kwenda Kalehe.