Moja kwa Kumi, Moja kwa Tatu

Zamani mtu wa Merigi aliyekataliwa majani yake ya chai alirudi nyumbani kimya akayamwaga shambani yaoze, siku hizi anaokota jiwe.

Kepher Amolo alikuwa karani wa kukagua majani kwenye kituo chetu kwa miaka kumi na minne. Watu wake ni wa kule ziwani. Baba yake alikuja kuchochea moto wa boila kiwandani, akazeekea huku, na Kepher akazaliwa huku. Alizungumza Kipsigis vizuri kuliko wajukuu wangu, ambao hunijibu salamu kwa Sheng bila kuinua macho kwenye simu. Alikuwa mtu mkavu, asiyecheka kazini. Aliingiza mkono mpaka chini ya gunia, akatoa konzi moja, akaitazama. Majani mawili na chipukizi, gunia linapita. Majani magumu yaliyokomaa, gunia linatupwa kando.

Mkono ulilazimika kufika chini kwa sababu watu wamejifunza kupamba juu na kuficha uchafu chini. Mama zetu hawakuujua ujanja huo. Mwanamke aliyechuma vibaya alisemwa na wenzake mtoni, na aibu ile ilimtosha mwaka mzima.

Jumamosi moja ya Machi, baada ya mvua ya mawe, magunia mengi yalikataliwa. Yetu yalirundikwa upande mmoja wa ua, na ya watu wa ziwani waliokodi mashamba kwetu yakarundikwa upande wa pili. Rundo letu lilikuwa kubwa. Kijana anayeitwa Kipkemoi, ambaye gunia lake lilikuwa humo, akapanda juu ya meza ya mizani.

"Hesabuni wenyewe!" akapiga kelele. "Yetu kumi na nane! Yao sita! Huyu karani anabeba watu wake!"

"Mtoe nje!" wakaitikia.

Wazee wa kokwet, baraza la kijiji, wangewakalisha karani na mlalamishi kwenye nyasi na kusikiliza hata siku mbili. Sasa wazee waliobaki tunaitwa kupigwa picha kwenye harusi. Nilimshika Kipkemoi mguu nikamwambia ashuke.

"Mzee, enda ukunywe maziwa," akasema, watu wakacheka, akanisukuma kwa teke nikaanguka juu ya magunia.

Jiwe la kwanza lilimpata Kepher begani. La pili lilivunja kioo cha mizani. Vijana walikuwa na marungu, na mmoja alikuwa amekwisha kuchomoa chuma cha kuning'inizia magunia. Hapo Ouko akajipenyeza mbele. Alikuwa fundi wa kiwanda aliyekodi shamba la mjane mmoja jirani yangu, na panga lake la kukatia miti ya chai lilikuwa mkononi.

"Gusa yeye uone!" Ouko akawaambia. "Huyu ni ndugu yetu."

Kepher akainua mikono. Alijua kwamba asipowatuliza pale, hataondoka akiwa hai.

"Ngojeni! Ninyi mmeleta magunia mangapi leo? Mia moja na themanini. Nimekataa kumi na nane. Katika kila kumi, moja tu. Wao wameleta kumi na nane, nimekataa sita. Katika kila tatu, moja! Sasa nimebeba nani?"

Niliona midomo ya vijana ikicheza, wakigawanya. Mimi nilijifundisha pasenti kwa taa ya kibatari, hakuna mwalimu aliyenishika mkono, na nilijua amesema kweli. Kipkemoi akaanza kucheka.

"Kumbe anawachapa wao zaidi! Karani, wewe ni wetu!"

Marungu yakashuka. Nikadhani yamekwisha.

Lakini Ouko alikuwa amegeuka.

"Omera, ndugu yangu, umesema nini?" akamuuliza Kepher taratibu. "Moja kwa tatu? Sisi? Ndio wakupende?"

"Ouko, nisikize. Mnachuma Jumamosi peke yake, siku zingine mko kiwandani. Majani yanakomaa. Ningekataa hata ya mama yangu."

"Umetuuza mbele yao."

Akampiga kwa ubapa wa panga usoni. Nilisikia taya likivunjika. Kepher alikwenda chini akitema damu na meno, na Ouko akampiga mateke ya mbavu huku akilia kama mtu aliyefiwa.

Ndipo vijana wetu wakapata walichokuwa wanakitafuta tangu asubuhi. "Anaua karani wetu!" Walimvamia Ouko kwa marungu, kwa mawe, kwa kile chuma. Watu wa ziwani wakaingia kumwokoa, wakapasuliwa vichwa. Damu ilitiririka na maji ya mvua mpaka barabarani. Lori la majani lilipofika, dereva aligeuza akatoroka.

Ouko alikufa Jumatatu. Kipkemoi bado anatembea sokoni akisema walimtetea karani.

Kepher hakuwa na mahali tena. Watu wa ziwani walimwita mtu aliyemwua Ouko kwa mdomo wake. Wetu walimpenda siku tatu, kisha usiku mmoja wakachoma nyumba yake, kwa kuwa kiwanda kilikifunga kituo na alitakiwa mtu wa kulaumiwa.

Niliwaona mara ya mwisho mjini Bomet, yeye na mkewe Beverly, wakipakia godoro na sufuria kwenye pikapu. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa nyaya, hakuweza kusema. Nilimwambia kwamba hesabu yake ilikuwa sawa.

Beverly ndiye aliyejibu. Miaka yote mwanamke huyo aliniaga kwa Kipsigis, "Saisere." Siku hiyo alipanda, akavuta turubai, akaniambia kwa Kiswahili, kama mtu anayeongea na askari, "Haya mzee, kwaheri." Pikapu ikashika barabara ya Sotik.