Jumatano ya Kupura Ulezi

Pombe ya ulezi ikishaiva imeiva. Haingoji mgonjwa apone, haingoji mvua ikatike, na usaili ndio kabisa. Ukiisogeza mbele siku mbili inakuwa kali ya kukunja uso, na majirani uliowaita waje kukupuria ulezi watakusema mpaka mavuno mengine. Bertilla wa Pito alilijua hilo tangu akibebwa mgongoni. Ndiyo maana simu ilipomkuta Jumatatu, mitungi minne ikiwa imeshaanza kutoa povu ndani na watu kumi na sita wakiwa wameshaalikwa, aliisikiliza akiitazama ile mitungi.

"Usaili ni Jumatano, saa tatu asubuhi," ilisema sauti ya mwanamume kutoka ghala la mbegu la Kizwite.

Angeweza kusema ukweli. Lakini ukweli wenyewe ulikuwa pombe, na ni nani anayeomba kazi huku anataja pombe?

"Nashukuru, lakini sitaweza," alisema. "Mpeni mwingine."

Akakata simu, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akajiona mjinga wa kupigiwa mfano. Maana kazi ile aliitaka kuliko kitu chochote. Tangu mumewe Fabiani afariki, miaka sita sasa, kila Desemba alikuwa akishuka bondeni Mtowisa kukodi shamba la mpunga. Miezi mitano ya joto na mbu, na huku juu mama yake, Bibi Asnath, anabaki peke yake na macho yaliyofunikwa na ukungu. Mwaka jana bibi aliparamia mafiga ya moto akaungua mkono, na habari ilimfikia Bertilla baada ya siku tisa. Aliapa hatashuka tena. Ghala lilikuwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Angechambua mbegu mchana na jioni akampikia mama yake. Akiikosa kazi hiyo, Desemba ilikuwa palepale, na Yohanes mwenye shamba alishapiga simu mara mbili akitaka jibu kabla mwezi haujaisha.

Jumatano ulezi ulipurwa. Magongo yalipigwa, nyimbo zikaimbwa, na pombe ikasifiwa, na sifa watu wa Pito hawazitoi bure. Bertilla alizunguka na kata akitabasamu, lakini kila alipotazama jua alihesabu: sasa saa tatu, sasa wameshamaliza.

Alhamisi jirani yake Josefina alimkuta akipepeta ulezi kwa hasira.

"Nenda ukawaombe tena," Josefina alimwambia. "Waambie ulikuwa na msiba. Msiba hauulizwi maswali, dada."

Usiku mzima neno hilo lilimkaa kichwani, na Ijumaa asubuhi akajitanda khanga mbili kwa baridi ya Julai akaondoka. Njia nzima aliurudiarudia uongo wake kama mtoto anayekwenda kuungama. Nilikuwa na msiba. Nilifiwa. Ulikuja mwepesi mdomoni, hasa akitembea haraka.

Meneja wa ghala, Loth, alikuwa mtu wa Moshi, hajafika miaka thelathini na tano. Alipomwona mlangoni alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bertilla aliitikia, kisha akaona aibu, maana mwombaji anayeamkiwa hajui aweke wapi mikono. "Mimi ndiye Bertilla wa Pito. Mlinipigia Jumatatu nikakataa usaili. Nimekuja kuomba, kama nafasi bado ipo, mnisikilize."

Loth alimvutia kiti. "Nakukumbuka. Kulikuwa na nini Jumatano?"

Bertilla alifungua mdomo. Nilikuwa na msiba. Meneja angesema pole, halafu angeuliza, kama mtu yeyote mwenye malezi, amefariki nani? Baba alishazikwa, Fabiani alishazikwa. Kwake alibaki mtu mmoja tu wa kufa, na mtu huyo alikuwa nyumbani saa ile ameshika mkono wenye kovu, anamngoja.

Hakuweza. Aliona heri kulima mpunga mpaka azeeke.

"Kulikuwa na pombe," alisema. "Niliita watu wanipurie ulezi, na pombe ilikuwa imeiva. Mimi sinywi, ila ndiyo desturi yetu: ukialika watu ukawakimbia, siku yako ya shida hakuna atakayenyanyuka. Niliona haya kusema kwenye simu. Kosa ni langu."

Loth alimtazama, halafu akacheka taratibu.

"Mama, Jumatano nilitaka kumjua huyu anayekataa usaili bila sababu. Kwenye barua yako ulimweka Mzee Teodori kuwa mdhamini, nikampigia. Nikasikia magongo na nyimbo. Akanifokea: 'Piga kesho, kijana, leo tuko kwa Bertilla tunapura!'" Alifuta macho. "Mimi ni wa Uchagani. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ninaijua, nayo haingoji mtu. Wenzako wawili nimewachukua, wa tatu sijampata. Nilitaka tu kusikia ukija utasema nini."

Bertilla aliwaza jinsi alivyokaribia kumuua mama yake mbele ya mtu anayejua ukweli.

Loth alichota mahindi kwenye magunia mawili, akayamwaga mezani mafungu mawili. "Yapi yamekauka?"

Bertilla aliuma punje moja, akauma nyingine, akasikiliza mlio wake kwenye jino. "Haya ya kushoto tayari. Haya bado yana maji. Mkiyashonea kwenye magunia leo, wiki mbili yanaota ukungu."

"Kipimo chetu kimesema hivyohivyo," Loth alisema. "Uje Jumatatu, saa moja na nusu. Na siku nyingine ukipika pombe, sema mapema."

Alipofika nyumbani, Bibi Asnath alikuwa ameketi juani, uso umegeukia njia.

"Josefina amepita hapa," bibi alisema kabla hajaamkiwa. "Anasema leo umekwenda kusema kuna aliyekufa. Nikajiuliza, Bertilla ana nani mwingine? Haya, nimeshazikwa?"

"Shikamoo, mama. Bado uko hai. Na kazi nimepata."

Bibi alipapasa hewani mpaka akaukuta mkono wa bintiye, akaushika kwa ule wake wenye kovu, akaubana. Bertilla alilia, na hakujificha.

Kisha kwa mkono uliobaki akatoa simu, akampigia Yohanes wa Mtowisa.

"Nashukuru, lakini sitaweza," alimwambia. "Mpe mwingine."