Mgeni Wetu wa Shilingi Ishirini

Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mwaka uliofuata uhuru, chama chetu cha washona mifarishi, matandiko ya viraka, hapa Msambweni kilikuwa na shilingi ishirini tu za mgeni wa kuzungumza. Mimi katibu niling'ang'ania zote apewe Bi Zuhura, fundi wa Mombasa, tuliyemjua kwa barua tu.

Siku yenyewe aliingia mama wa viatu vya visigino. Kwetu mgeni haulizwi jambo kabla hajala, basi nikamkalisha kitini, nikamwekea kuku mzima. Mwengine alifika na leso zilizopauka. Huyo nilimpa mbuzi, akakune nazi uani na wanachama waliokuwa wakipika.

Mama alipomaliza kula, nilimsifu mpaka koo likakauka, nikamkaribisha azungumze.

"Ahsante, dada," akasema taratibu. "Mimi nangojea basi la Vanga. Mlivyonikaribisha, niliona haya kukataa."

Nikatoka mbio hadi uani. Wanachama wamemzunguka mkuna nazi, kila mmoja na kiraka mkononi, wakishona mshono nisioujua.

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikasema, nikihema.

"Marahaba, katibu. Somo nimeshalimaliza. Zimebaki nazi mbili."