Ukuta wa Mzee Lutonja

Siku nyumba ya mama ilipobomolewa tulikuwepo mimi, wadogo zangu Kabula na Shija, baba mdogo, na jirani yetu Mzee Lutonja. Juzi niliona mafundi wakibomoa ukuta, na harufu ya udongo mkavu ikanirudisha kisiwani kwetu, kwenye siku hiyo.

Wazazi walikuwa wamefariki. Baba mdogo alipopiga sururu kwenye ukuta wa nyumba ya mama, iliyokuwa kando ya nyumba ya baba, niliwakumbatia wadogo zangu, nikidhani tunagawanywa kwa ndugu.

"Usitutawanye, baba!" nilimlilia baba mdogo.

Mzee Lutonja alicheka huku akikanyaga udongo wa kukandikia. "Nani anawatawanya? Tunaiunganisha na ya baba yenu, iwe moja ya bati. Lete maji!"

Niliacha shule, nikawalea humo. Kwetu, aliyekukandikia nyumba nawe humkandikia yake. Mzee Lutonja alifariki nyumba yake ikiwa bado imara, haijahitaji kukandikwa. Ukuta wake bado nadaiwa.