Maji Niliyoyaita Sumu

Bosi wangu wa Kitale alinifunza mashine ya kuoshea madirisha kwa asubuhi moja tu. Maji ya kawaida yanaingia upande huu, yanapita kwenye filta nne zilizosimama wima juu ya kitoroli, na upande ule yanatoka maji masafi kabisa, hayana hata chembe ya chumvi. Unayapandisha kwa mpira hadi kwenye brashi iliyo juu ya mpini mrefu, unasugua dirisha ukiwa umesimama chini, unaondoka. Hakuna kupanguza. Kioo kinakauka chenyewe bila doa. Kipimo chake ni kidogo kama kalamu, ukikitia majini kikisoma sifuri, uko sawa. Mimi niliyeachia shule kidato cha pili, ile sifuri ya kwanza niliifurahia kama mtu aliyepita mtihani.

Kuna jambo bosi alilitaja haraka haraka. Ili kupata mtungi mmoja wa maji masafi, mashine inatupa mtungi mwingine mzima. Hayo ya kutupwa yanatokea mpira wa pembeni. Si machafu. Ni maji yale yale, ila yamebeba chumvi ya wenzake.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa Bungoma, jengo la ghorofa nne lenye vioo kila upande. Ilikuwa kiangazi, vumbi limepaka kila kitu. Bomba lilikuwa moja, nyuma ya jengo, na nililifungia mashine yangu kutoka asubuhi hadi jioni. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alikuwa amezoea kuteka hapo. Alinipisha, kisha akaniletea kikombe cha chai.

"Kunywa, baba. Kazi ya maji inaleta baridi."

Baba ndivyo akina mama wa kwetu humwita kijana waliyempenda. Nikanywa. Kumfungulia bomba dakika tano tu ateke, hiyo haikunijia akilini.

Vijana wa boda boda wakakusanyika. "Niaje, injinia! Hii ni roketi ama?"

"Hii inatoa sumu yote kwa maji," nikasema. Ningesema chumvi. Lakini sumu ilikuwa na uzito zaidi mdomoni.

"Sasa sumu inaenda wapi?"

Nikaonyesha mpira wa pembeni uliokuwa ukimwaga mtaroni.

"Aah, huyu amesoma, bana!"

Nilikuwa bado natabasamu tulipogeuka tukamwona yule mama ameinama pale pale. Alikuwa amekinga mitungi miwili, imejaa.

"Mama, wacha! Hiyo ni sumu! Si uulize injinia!" kijana mmoja wa boda akapaza sauti.

Akaniangalia mimi. "Ni ukweli, baba? Nimeona unamwaga tu."

Wote walikuwa wakiningojea. Nikasema, "Ni ukweli, mama. Mwaga."

Akaimwaga yote miwili. Ardhi ilivyokuwa kavu, maji hayakukaa hata kidogo. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki. Ati ningepikia watu!"

Tangu hapo akawa anateremka kwenye chemchemi, mtungi kichwani, na goti lake moja lilikuwa bovu. Nilimwona akienda, nilimwona akirudi, na mpira wangu unamwaga mchana kutwa. Siku ya pili aliweka matawi ya miiba kando ya mtaro ili watoto wasiguse. Vyombo aliviosha kwa maji ya kikombe. Na chai yangu bado ililetwa, ya maji ya chemchemi. Nina daftari ninamochora pikapu ya kampuni yangu ya kesho, yenye tone la maji mlangoni. Wiki ile sikulifungua. Nilijiambia nitasema, wacha tu hawa wa boda waondoke. Kazi yao ni kukaa hapo.

Siku ya nne alirudi na nusu mtungi, leso imelowa, kiwiko kimechubuka. Alikuwa anacheka. "Goti limekataa leo, baba. Nimeangukia maji yangu mwenyewe."

Nikaangusha brashi. Nikamwambia mbele yao wote. "Mama, ile si sumu. Ni maji ya bomba tu. Nilisema hivyo nionekane."

Aliutazama mpira. "Si sumu."

"Si sumu, mama. Nisamehe."

"Na mimi nilimwaga."

Aliingia kibandani, akatoka na kikombe, akakikinga kwenye mpira hadi kikajaa. "Kunywa wewe kwanza."

Nikanywa chote. Yalikuwa na chumvi kidogo, si mabaya. Kijana mmoja wa boda akaangua kicheko, "Injinia wa sumu!" na wengine wakamfuata. Mama hakucheka. Aliondoa miiba tawi moja moja, akatega mtungi, akangoja ujae. Nikanyoosha mkono nimbebee.

"Wacha, fundi," akasema, akajitwisha mwenyewe.

Kesho yake nilimaliza vioo vya mwisho. Vilikauka bila doa hata moja, na mwenye jengo alinisifu. Mama aliniletea chai kama kawaida, kikombe kimejaa, sukari ya kutosha. Alikiweka juu ya kitoroli.

"Chai yako, fundi."

Nilingoja kidogo, pengine angeongeza neno. Alikuwa amesharudi kuosha vyombo, na safari hii beseni lilikuwa limejaa.