Tawi Kavu la Mukima

Juzi ndugu yangu Mwenda alipanda juu ya mti wa mukima ulio nyuma ya nyumba yetu, huku karibu na Githongo, akaanza kukata matawi makavu. Mimi nilikuwa jikoni nikichagua maharagwe. Nikasikia mlio ule: ka! Mara moja tu, bila mkwaruzo wa kutangulia. Mikono yangu ikasimama. Nyinyi mliokulia chini ya mikima mnaujua mlio huo. Kwangu mimi hauji peke yake. Huja na darasa la sita, na somo la Kiingereza, na baba.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Bwana Kinoti, alikuwa mtu mpole aliyenukia chaki na mafuta ya taa. Alitupa sentensi ya kujaza: nyanya yangu ni mzee tena ni nini? Nikaandika "fragile". Akaniwekea eksi nyekundu. Niliumia, kwa sababu nyanya yangu nilimjua kuliko alivyomjua yeye.

Hakunicheka. Alisema "fragile" ni yai, ni kibuyu. Mkono ukikosea, kimevunjika. "Frail" ni mwili wa mzee, ambao nguvu zinauaga polepole bila mtu kuugusa. "Weak" ni neno la kila mahali, hata chai huitwa hivyo. Kisha akatoka mpaka kwenye ua, akarudi na vijiti viwili vya mukima, kibichi na kikavu. Kibichi alikipinda mpaka ncha zikakutana. Kile kikavu alituambia tukitazame vizuri, tuseme kitavunjika lini. Tulitazama bila kupepesa macho. Akakipinda, kikalia ka!, na hakuna aliyekuwa ametabiri.

"Hiki ndicho brittle," akasema. "Ni kigumu, ndiyo maana hamkuona. Hakipindi. Ni kizima, halafu ni vipande."

Kendi, niliyekaa naye dawati moja, akasema basi ni kama keki ya harusi ya shangazi yake. Hata mwalimu alicheka.

Jioni ile nilizunguka nyumbani nikigawa maneno. "Fragile" nikakipa kibuyu cha uji alichotuachia mama, kilichoning'inia msumarini na ambacho sisi watoto tulikatazwa kukigusa. "Frail" nikampa nyanya. "Brittle" nikazipa kuni. Baba sikumpa neno. Sikuona linalomfaa.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba alimzika bila kutoa chozi. Kwetu mwanamume akisimama kaburini na uso mkavu husifiwa papo hapo, na wazee walimpiga baba begani wakamwambia, "Wewe ni mwanamume." Shangazi zangu walituambia tumshukuru Mungu kwa kutuachia mzazi wa namna hiyo. Kesho yake alirudi kwenye shamba la kahawa. Mtu akimuuliza hali, alijibu "Bwega," yaani ni sawa, kisha yeye ndiye akauliza habari za ng'ombe wa mwenzake.

Macho yetu sote yalikuwa kwa nyanya, mama yake baba. Alikuwa ameacha kula. Kitanda chake kilisogezwa karibu na moto, majirani wakaleta uji vibuyuni, na shangazi walinong'ona kwamba hataliona vuno la kahawa. Baba akaanza kukata kuni nyingi kuliko tulizohitaji. Hakusema ni za nini. Sote tulijua: waombolezaji hupikiwa.

Asubuhi moja nyanya alimwita baba akamkosa. Tulimkuta ameketi katikati ya miti ya kahawa, panga magotini, matawi yametapakaa kandokando yake. Nyanya alifika akijikokota kwa fimbo, huku mimi nimemshika kiuno.

"Mwanangu, inuka," akamwambia.

"Siwezi, mama."

Hakuwa ameanguka. Hakuwa na kidonda wala homa. Hospitalini hawakuona mfupa uliovunjika. Walimpa vidonge, tukarudi naye, akaketi kwenye benchi ukutani. Hapo ndipo alipokaa utoto wangu wote uliobaki. Alikula akilishwa. Wale waliompiga begani walijifunza kupita njia ya chini.

Nyanya aliacha kitanda. Hakupona, msinielewe vibaya. Ni vile hapakuwa na mtu mwingine. Aliishi miaka mingi, mikono ikitetemeka, akimnywesha mwanawe uji kutoka kwenye kibuyu cha mama. Kibuyu nacho kilipasuka, akakishona kwa uzi wa katani, kikaendelea na kazi huku kikivuja kidogo.

Mimi niliishia darasa la nane, na Kiingereza kingi kimenitoka. Lakini maneno yale hayajanitoka. Nilichelewa kuelewa kwamba tulikuwa tumekesha karibu na aliyetetemeka, tukamwacha asiyetetemeka ajilinde mwenyewe. Sitaki kuwadanganya kwamba tungemuuliza baba mara ya pili angepona. Labda angesema "Bwega" mara ya pili.

Nyanya alitangulia. Baba tulimzika mwezi huu. Mwenda alisimama kaburini na uso mkavu, na mzee mmoja akampiga begani akamwambia maneno yale yale. Nilitaka kuuondoa mkono ule. Sikuuondoa.

Kwa hiyo juzi, niliposikia tawi, niliacha maharagwe nikatoka nje. Mwenda alikuwa juu, amekumbatia shina, amenipa mgongo.

"Mwenda, uko aje?"

"Bwega."

"Nakuuliza, uko aje?"

Panga lilitulia kidogo. 

"Bwega, dada," akasema. "Maharagwe umeshayaweka motoni?"

Nikamwambia bado. Akaendelea kukata. Nilibaki pale chini nikimtazama mgongo, kama tulivyokitazama kile kijiti kikavu darasani.