Siku Mama Alipokula kwenye Meza ya Wageni

Harufu ya sato chukuchuku ikinifikia puani kabla bakuli halijawekwa mezani, mimi huchoka. Najua si jambo la kawaida. Watu wengine hutokwa na mate; mimi mabega hunishuka. Ni ile harufu ya nyanya zilizopondeka, ndimu, kitunguu na samaki aliyechemshwa bila tone la mafuta, na nyuma yake, kwa mbali, moshi wa kuni.

Mwezi uliopita walimu wenzangu wa Kisesa walinivuta twende kula ufukweni, tukimuaga mwenzetu aliyehamishwa. Tulipomaliza, mhudumu akatuomba tufungue simu zetu, tuipe hoteli yao nyota na tuandike maneno mawili matatu kuhusu chakula. Wenzangu waliandika upesi wakicheka. Mimi nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikajizima. Nasahihisha madaftari ya watoto wiki nzima, na ikifika Jumapili sina tena nguvu ya kumpa mtu alama. Lakini halikuwa hilo tu. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu, siku na yeye alipoombwa aseme chakula cha mtu mwingine kilikuwaje.

Tulikaa upande wa Misungwi, mahali ambapo mto unapanuka na kupunguza mwendo kabla ya kuingia ziwani. Palikuwa na nyumba ya wageni tuliyoiita Mtoni, basi. Ilikuwa na vyumba vichache vya kulala, baa yenye friji iliyonguruma kama ng'ombe mgonjwa, na vibanda vya nyasi vilivyotazamana na matete. Jumapili watu walikuja kutoka Mwanza mjini, wengine bado wamevaa nguo za kanisani, ili wale chakula cha mchana na kuangalia maji. Chakula chenyewe kilikuwa kile kile tangu nilipopata akili: sato chukuchuku, ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga. Mwisho maziwa mgando. Wageni walikisifu, wakasema mjini hakipatikani. Aliyekipika ni mama.

Mimi mama yangu nilimfahamu zaidi kwa mgongo. Asubuhi nilifumbua macho nikauona ukitoka mlangoni, jioni nikaukuta umeinama kwenye jiko letu wenyewe, akitupikia sisi baada ya kuwapikia watu wa watu. Nguo zake zote zilikuwa na moshi, hata ile ya kanisani. Baba alikuwa machimboni upande wa Geita, akija kwa nadra kama mvua ya kiangazi, na kuondoka kabla hatujamzoea. Nyumbani tulikuwa na bibi mzaa baba, mdogo wangu na mimi. Chochote kilichoingia ndani, kuanzia sabuni hadi sare yangu ya shule, kilitoka kwenye jiko la Mtoni.

Mwaka mmoja mama akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu kilichomkamata katikati ya sentensi, akasahau alichotaka kusema. Zahanati wakamwambia akae mbali na moshi na apumzike. Akapumzika, kama kulima viazi kuanzia alfajiri kunaweza kuitwa kupumzika. Mwenye hoteli, Mzee Bundala, hakuwa mtu mbaya, lakini wageni hawangojei kifua cha mtu kipone. Akamleta mpishi mwingine, dada mmoja kutoka Ukerewe aliyeitwa Koleta, mwenye mtoto mchanga mgongoni na asiye na ndugu yeyote upande ule.

Mama alipopata nafuu, Mzee Bundala akaja nyumbani. Akakaa kwenye kigoda, akanywa uji wa bibi, akaeleza shida yake. Baadhi ya wateja walilalamika kwamba chakula si kile walichokizoea, wengine walisema hawaoni tofauti, na yeye mwenyewe alikuwa na kisukari, daktari alikwishamkataza nusu ya vitu alivyouza. Hakujua amsikilize nani. Akamwomba mama aje Jumapili, akae mezani kama mgeni, apakuliwe chakula kizima, kisha amwambie ukweli. Kama hakifai, Koleta angerudi kwao na mama angeanza kazi Jumatatu.

Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukosa ibada, alisali usiku ule kwa sauti ya chini akiomba ugali wa mtu mwingine uungue. Nilimsikia vizuri. Nami nikaitikia amina.

Jumapili mama alivaa kitenge chake cha bluu na viatu vya kufunika, akanishika mkono. Tulipofika Mtoni hakujua aingilie wapi. Miguu yake ilianza kuzunguka nyuma, kuelekea jikoni, mpaka mhudumu mmoja, kijana aliyekuwa akimpigia kelele kila Jumapili aharakishe sahani, akaja akasema, "Shikamoo, Mama Kabula. Pita huku mbele." Akatufutia meza. Mama akaitikia marahaba, akaketi, kisha akaiweka mikono juu ya meza, akaitoa, akaificha mapajani kama mwanafunzi mgeni darasani.

Nami nilikuwa sijawahi kuketi pale. Kumbe kutoka upande ule mto ulionekana wote. Upepo ulitoka ziwani ukiinamisha matete, mnandi mmoja alisimama kwenye jiwe amekunjua mabawa kuyakausha, na moshi wa jikoni ulikwenda upande mwingine kabisa, usitufikie. Mama aliutazama ule mto muda mrefu. Miaka yote aliyofanya kazi pale, mto ulikuwa nyuma ya ukuta wa jiko lake.

Chakula kikaja. Niliingiza mkono kwa hamu ya hakimu mdogo aliyekwishaamua kesi. Ugali ulikuwa na madonge. Mchuzi wa sato ulipungukiwa chumvi, ingawa samaki mwenyewe alikuwa mzuri, nyama yake imeshikana, nyeupe. Nilipotafuna nsansa, nikasikia kitu kikisagika katikati ya meno, na moyo wangu ukaruka kwa furaha.

"Mama, ina mchanga," nikamnong'oneza.

"Kula," akasema.

Akaendelea kula mwenyewe, polepole, bila kukunja uso. Madonge aliyavunja kwa kidole gumba akayamaliza. Alikunywa mchuzi hadi mwisho. Sikuwahi kumwona akila sahani nzima akiwa ameketi. Nyumbani alikula kwa kusimama, akionja hapa na kukomba pale. Maziwa yalipoletwa, aliegemea kiti na kufumba macho, nikadhani anatafakari kasoro za kumweleza Mzee Bundala.

Mzee Bundala akaja, akavuta kiti. Akamuuliza ameonaje.

"Anapika vizuri," mama akasema. "Mwache aendelee."

Yule mzee akamtazama. Akamkumbusha kwamba yeye angefurahi kumrudisha, kwamba hata leo, akitaka, aseme neno moja tu.

"Nimekula, nimeshiba," mama akajibu. "Sina la kuongeza."

Nilitaka kusema habari za mchanga, lakini alinibana mguu chini ya meza, nikanyamaza.

Kisha akaenda jikoni kwa mlango ule wa nyuma, nami nikamfuata. Koleta alikuwa amesimama wima karibu na mafiga, macho mekundu, mtoto amelala mgongoni, akingoja kuambiwa aondoke. Mama akamwambia anabaki. Yule dada alijishusha akakaa juu ya rundo la kuni, akajifunika uso kwa kanga. Mama hakumkumbatia. Alimwelekeza kwa sauti ya kawaida kwamba nsansa zioshwe mpaka maji yawe maangavu, na kwamba unga wa muhogo huchekechwa asubuhi, si jana yake. Akaenda ukutani, akasukuma dirisha dogo ambalo siku zote nililiona limefungwa. "Hili hufunguka ukilisukuma kwa chini," akasema. "Mimi nilichelewa kulijua. Wewe una mtoto. Usilifunge."

Tulirudi nyumbani. Bibi aliposikia, alimwita mama majina ambayo hayakuwa ya kanisani. Mama aliingia chumbani akalala, jua likiwa bado juu, na hakuamka mpaka kesho yake.

Habari zikaenea haraka. Katika jumuiya yetu walisema Mama Kabula ana moyo, amemhurumia mgeni mwenye mtoto kuliko tumbo lake mwenyewe. Katekista alimtaja mbele ya watu. Mama aliinamisha kichwa, na wote tukaona ule ndio unyenyekevu.

Lakini wema ule haukuliwa. Viazi vya mwaka ule vilikuwa vidogo, na mama aliyekuwa akivipeleka sokoni alirudi na vingi kuliko alivyouza. Kabla shule hazijafunguliwa nikapelekwa Mwanza mjini, Kirumba, kwa mama mdogo, aliyefanya biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni. Nilisomea huko, nikinuka dagaa, nikilala watoto wengi kitanda kimoja. Kila nilipowakumbuka wa nyumbani nilijiuliza ni mama gani huyu, anayempa mtoto wa Koleta paa na kuniondoa mimi. Sikumchukia. Nilimsifu kama walivyomsifu wengine, kwa mbali, na ule umbali ukakaa kati yetu kwa miaka mingi.

Nikawa mwalimu. Likizo moja nilifika Misungwi nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauponyi: darasa la watoto wengi kuliko madawati, mume anayefanya kazi mbali, nyumba inayoningoja kila jioni mdomo wazi. Mama, ambaye sasa nywele zimekuwa nyeupe na kifua bado kinamsumbua msimu wa vumbi, aliniletea maji ya kunywa. Tukaketi barazani. Sijui kwa nini nilimuuliza siku ile. Nilimuuliza alimhurumia vipi yule dada wakati chakula chake kilikuwa na mchanga.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumhurumia?" akasema. "Mwanangu, nilimwachia lile jiko. Wa kuhurumiwa ni yeye, na ndiyo maana nilimfungulia dirisha. Angenipakulia mawe, ningesema yameiva."

Alinieleza taratibu kwamba asubuhi ile alitoka nyumbani akiwa hajaamua. Alijua sisi tunataka nini. Lakini alipoketi pale mbele, kwenye upepo, sahani ikaletwa na mtu mwingine, mwili wake ukakataa kurudi nyuma ya ule ukuta. Alijua tungepata shida. Alijua huenda mimi ningepelekwa kwa watu. Alikula kile chakula chote ili apate muda wa kujisikia vibaya, kisha akakisifu.

Kwetu, mwanamke aliruhusiwa kuugua, akaruhusiwa kufiwa, na zaidi ya yote akaruhusiwa kuwa na huruma. Watu walipomkuta mama ameacha kazi yake, walitafuta katika hayo matatu wakachagua la mwisho, naye akawaachia. Mimi nilikuwa nimeketi mkabala naye mezani, nikihesabu makosa ya ugali, na sikuuona uso uliokuwa mbele yangu.

Nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba amechoka.

Akalikunja pindo la kanga yake.

"Hakuna aliyeniuliza hilo," akasema. "Waliniuliza kama chakula ni kizuri."